Re: Mzee ana Parkinson na ameanza kusahau, sisi watoto tutarithi?
Mkuu pole na mzee. Sio lazima mrithi, wagonjwa wengi hawana jeni moja ya kulaumiwa. Familia chache zinazorithishana zipo kweli, ile ya Contursi kule Italia ndo iliwapa watafiti mwaka 1997 hitilafu kwenye jeni ya SNCA, hiyo inatengeneza protini inaitwa alfa-sinukleini, sasa ikijikunja vibaya inagandana ndani ya seli za ubongo mpaka vinakuwa vibonge, wenyewe wanaita miili ya Lewy. Vikishika seli zinazotengeneza dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo) mtu anatetemeka na kukakamaa, vikienea gamba la nje la ubongo akili nayo inayumba, kwahiyo kusahau kwa mzee huenda ni ugonjwa uleule (ila kuna dawa nazo zinachanganya akili, mwambieni daktari).

Sisi Waafrika jeni ya kuijua ni GBA1. Inatoa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta kwenye lizosomu, jalala la seli hilo, kikipungua taka zinarundikana. 2023 utafiti uliohusisha Wanigeria wengi ulikuta badiliko la GBA1 ambalo Wazungu karibu hawana kabisa. Na ukiwa nalo hatari ya Parkinson inaongezeka tu, wengi wanalo na wanazeeka freshi.