Hedifoni kwanza, amplifaya baadaye

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Nimekufahamu: hedifoni zilizokuja na simu hazikutoshelezi kwa taarab ya zamani, nawe unauliza ununue kwanza amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti) au hedifoni mpya. Nunua hedifoni, kwani hakuna kifaa kingine kinachobadilisha sauti kiasi hicho.

Tazama ukinzani ulioandikwa kwenye boksi, yaani kiasi hedifoni zinavyopinga umeme, ambao hupimwa kwa omu. Zenye omu 32 kwa kawaida huendeshwa vizuri na simu, ilhali zenye omu 250 au 300 mara nyingi hutoa sauti hafifu bila amplifaya. Zilizo wazi nyuma hutoa nafasi pana, hata fidla, udi na ganuni ukavisikia kila kimoja mahali pake, lakini huvujisha sauti. Kwa safari ya boti kwenda Unguja, zilizofungwa ndizo zifaazo.

Ukifika soko la Darajani, Unguja, omba kusikiliza wimbo mzima unaoujua vyema, na utege sikio pale ganuni inapopanda juu, kwani ikikwaruza dukani itakwaruza na nyumbani. Tafuta pia nakala bora za nyimbo zako. Kugeuza MP3 (faili lililopunguzwa kwa kukata sehemu ya sauti) kuwa FLAC (faili lisilokata kitu) hakurudishi kilichokwisha kukatwa.

Umetaja, kama kwa kupita tu, kwamba masikio yako huvuma usiku. Hilo ndilo linalonishughulisha zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Punguza sauti tangu leo, na mvumo usipokoma, muone daktari wa masikio kabla ya kununua chochote.