Siku niliyokata mikono 28 ya kushoto

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Una mbinu gani ya kutulia na kazi yako kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa?" Nimesoma majibu ya waliotangulia. Wawili wanasema zima simu. Mmoja anasema andika orodha ya kazi kabla hujalala. Mwingine, ambaye sijui anafanya kazi gani, anasema mwambie bosi asikusumbue. Nilikunja jarida nikarudi kwenye cherehani, lakini jambo hili limenikaa kooni siku tatu, na leo nalitema.

Kwanza hiyo Jumatatu hadi Ijumaa si ya kila mtu. Ni ya wenzetu wa serikalini, wanaoingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Mimi ni fundi wa nguo za kike, Ngamiani, Tanga, huku kwenye barabara za namba. Sitaji ni barabara ya ngapi, maana wanaonidai nguo zao nao wanasoma. Jumatatu yangu huwa imelala. Vitambaa vinaletwa Jumanne, Jumatano watu wanakumbuka kuwa shughuli ni Jumamosi, na Alhamisi usiku ndipo wiki inapoanza kweli. Na lugha yenyewe inatusaidia mafundi kudanganya: Jumatano ni ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi, na Alhamisi nayo ni ya tano, kwa Kiarabu. Wiki ina tano mbili. Fundi akikwambia njoo siku ya tano, muulize ipi.

Sasa hiyo simu.

Shaaban mnaijua. Kila mwenye binti anataka amalize shughuli kabla Ramadhani haijaandama, na papo hapo wenye haraka wameshaleta nguo za Idi. Shaaban moja, miaka kadhaa nyuma, mama mmoja aliniletea satini ya kijani iliyokoza: gauni 14 za sare, mikono ya kufika kiwikoni, zichukuliwe Ijumaa kabla ya sala. Ilikuwa Jumatatu. Nikamjibu inshallah, na inshallah ya fundi mnaijua pia.

Siku hizohizo nilikuwa nimemsikia mtaalamu redioni akieleza jinsi simu inavyotuibia akili kazini. Yakaniingia. Jumanne alfajiri nikaitia simu kwenye bati la biskuti, nikafunika, nikaliweka juu ya kabati. Kijana ninayemfundisha kazi nikamkataza hata kulisogelea. Saa tatu akapita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kila siku husimama mlangoni, nami naweka mkasi chini, nanywa vikombe viwili na kipande cha kashata, tunamsengenya mtu mmoja au wawili, kisha narudi mezani. Siku ile nilimpungia mkono apite. Akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimetandaza satini tabaka saba, zote uso juu, nikabana pini pembezoni maana satini inateleza kama kambale. Nikaweka karatasi ya mkono, nikachora kwa chaki, nikakata. Nikaisogeza karatasi pembeni, nikachora, nikakata. Aliyewahi kushika mkasi ameshaliona kosa. Karatasi ya mkono hugeuzwa. Kwapani upande wa mbele huchimbwa zaidi kuliko wa nyuma, kwa hiyo usipogeuza unapata mikono miwili ya upande mmoja. Ningekikunja kitambaa kama tulivyofundishwa, mkono wa kulia ungejitokeza wenyewe, lakini nilikuwa naokoa muda. Nikatandaza tabaka saba nyingine nikarudia vilevile. Mikono 28, yote ya kushoto. Imekatika vizuri ajabu, sijawahi kupata kingo safi namna ile. Nikaendelea na vifua, migongo, sketi, zote 14, mpaka Alasiri ikaadhiniwa sijainua kichwa.

Kingekuwa kitenge ningecheka. Kitenge cha nta rangi imeingia pande zote mbili; unaugeuza mkono wa kushoto unakuwa wa kulia, na aliyevaa hajui. Satini ina uso na ina mgongo, na mgongo wake haung'ai hata uupige pasi mpaka kesho. Kijana ndiye aliyegundua. Alikuwa anaipanga mikono jozi jozi, akawa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, ya kulia umeiweka wapi?"

Nikalishusha bati. Simu tisa sikuzipokea, zote za mama mwenye shughuli. Nikampigia.

"Fundi, tangu asubuhi nakutafuta."

"Niwie radhi mama, simu ilikuwa kwenye bati."

"Bati gani?"

"La biskuti."

Akanyamaza. "Haya. Nilitaka kukwambia mawifi zangu wawili wa Pangani hawaji, mmoja anaumwa. Zao usizikate, nirudishie kitambaa."

Nikamwambia nimeshakata. Hayo mengine sikumwambia.

Usiku ule sikulala. Jumatano nikazichukua sketi za mawifi, mbele na nyuma, vipande vinne, na kila kipande nikakitoa mikono mitatu ya kulia. Kumi na miwili, gauni 12 zikatimia. Alhamisi jioni umeme ukakatika, tukamalizia pindo kwa cherehani ya kukanyaga huku kijana akinimulikia kwa tochi ya simu ileile ya kwenye bati. Ijumaa saa nne mama akaja kuchukua mzigo wake. Nyuma yake ikasimama bajaji, wakashuka wanawake wawili. Mawifi. Mgonjwa alikuwa amepona.

"Zetu ziko wapi, fundi?"

Zilikuwa zimening'inia mbele yao, kwenye mabega ya gauni za wenzao.

Mama alilipa gauni 12 akakata bei ya kitambaa cha mbili, sikubisha. Mawifi walivaa kanga. Nasikia mmoja hajasahau mpaka leo. Mikono 16 ya kushoto iliyobaki ninayo. Mto wangu wa pini umeshonwa kwa mmojawapo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kuzima simu ni mbinu ya watu wasiosubiriwa na mtu. Nimeisoma hadithi yangu mwenyewe na sasa sina uhakika. Simu haikukata satini. Hata ningeipokea saa nne, mikono ingekuwa ya kushoto vilevile, ila ningebaki na kitambaa kizima cha kurekebishia. Kilichoniponza ni kutosimama. Kikombe kimoja cha kahawa kingenitoa mezani kabla ya zile tabaka saba za pili, nikirudi nikaiona kazi, nikajishika kichwa, nikakata saba zilizobaki kwa kugeuza karatasi. Mambo yangekwisha palepale, nusu kushoto nusu kulia. Miaka yote yule mzee wa kahawa alikuwa ananilinda na mimi namhesabu kama anayenichelewesha. Lakini nani angetufundisha hayo? Tumekuzwa na Uhuru na Kazi, ikaja Hapa Kazi Tu ya 2015, ikafuata Kazi Iendelee. Hakuna kaulimbiu iliyowahi kusema simama kidogo unywe kahawa.

Kwa hiyo, zimeni simu. Ndiyo, nakubaliana na wale wawili, japo kwa shingo upande. Yangu bado inaingia kwenye bati kila alfajiri, ila kifuniko nilikitupa, na muuza kahawa akipita inatoka, nawapigia walionipigia, ndipo nashika mkasi. Kabla ya kahawa nashona tu, sikati kitu. Uzi ukikosea utaufumua, kitambaa kikishakatwa ndiyo basi. Hii ni ya ushonaji. Mwalimu au dereva wa daladala ajipimie mwenyewe, na mwenye mgonjwa nyumbani asithubutu kuweka simu kwenye bati lolote. Na Shaaban haisaidii hata kidogo. Dawa ya Shaaban ni kukataa kazi, na hiyo sijaiweza. Ya mwaka huu nilipokea shughuli nne za Jumamosi moja.

Mhariri, najua mtaifupisha barua hii. Kateni mnapotaka, hata mawifi, lakini pa muuza kahawa msipaguse. Jarida lenu tunalisoma kwake, nakala moja watu saba, na ataniuliza.