Kabla hujalipia ekseli ya mtumba, hesabu kwanza gia za difu

Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser yangu ya zamani ilipinda, tairi moja likawa linalika upande wa ndani tu, nikaanza kutafuta ekseli ya mtumba. Nikaipata. Muuzaji akaniambia mkuu hii inaingia moja kwa moja, gari ni ile ile, na mimi nikaangalia kwa nje, haina kutu, haivuji, nikalipa. Tukaifunga na fundi siku mbili na barabarani ikaenda vizuri kabisa, maana nlikuwa natumia tairi za nyuma peke yake.

Siku niliyoingiza fowili, yaani tairi zote nne zivute gari, kwenye njia kavu ndo nikajua. Steringi ikawa nzito, gari inajivuta kama breki zimeshika, nataka kutoa fowili mkono wake wa gia umegoma kabisa, mpaka nikarudi rivasi kidogo ndo ukaachia. Kumbe difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazozungusha tairi, ya mbele ni 4.1 na ya nyuma niliyonunua ni 3.9.

Hiyo namba ni propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Ukiingiza fowili kwenye gari kama hii, transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inafunga propela zote mbili ziende mwendo mmoja, kwa hiyo difu zikitofautiana hivyo tairi za nyuma zinataka kwenda kama mita 105 wakati za mbele zinaenda 100. Kwenye tope tairi zitateleza na hutasikia kitu, ila kwenye ardhi ngumu nguvu yote inaishia kwenye transfa, krosi na shafti, na hapo kuna kitu kitavunjika tu.

Na usiamini kibao cha gari wala chaki iliyoandikwa kwenye difu, hujui nani alishaifungua kabla yako. Hesabu mwenyewe. Inyanyue ekseli, piga chaki kwenye flenji ya propela, pale propela inapofungwa kwenye difu, na kwenye haabu, pale tairi linapofungwa, mwambie mwenzako ashike haabu ya upande mmoja isizunguke kabisa, wewe zungusha ya upande wa pili mara 20. Mara 20 za upande mmoja ni sawa na mara 10 za tairi zote mbili, sasa flenji ikizunguka mara 41 hiyo ni 4.1, ikizunguka 39 ni 3.9. Watu wengi wanazungusha mara moja wanakadiria kwa macho, na kwa kuzungusha mara moja 4.1 na 3.9 huwezi kuzitofautisha hata kidogo. Kama difu ina loki na haabu zote zinaenda pamoja, zungusha mara 10 tu.

Ukishapata hesabu mwaga oili. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni kawaida, vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole hapana, achana nayo. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji. Shika flenji ya pinioni, ile ile ya propela, uitikise juu chini: ikicheza beringi zimekwisha, lakini ikicheza kidogo kwa kuzunguka usiogope, krauni na pinioni, zile gia mbili za difu zinazoumana, lazima ziwe na nafasi kidogo.

Halafu hesabu matundu ya bolti za tairi. Land Cruiser za 70 za zamani ni matundu 6, kuanzia 1999 zikaja za 5, na mimi ushauri wangu ukiweza nunua ekseli ya mbele na ya nyuma kutoka gari moja, na breki zake, yu-bolti zake zinazoshika springi kwenye ekseli, hata propela zake. Utalipa zaidi siku hiyo, ila hutahangaika na rimu aina mbili au breki za diski kwenye gari iliyotengenezewa dramu.

Vitu vya mtumba nisivyonunua kabisa ni sili, beringi na hosi za breki, hivyo ni vipya tu. Pia safisha kile kipumulio cha juu ya ekseli, kikiziba presha inasukuma oili kwenye sili mpaka inafika kwenye breki, niliona hiyo kwa gari ya rafiki yangu, breki za nyuma zimelowa oili kabisa na sili zilikuwa mpya.

Kama unachomelea vikalio vya springi, piga alama tu kwanza, shusha gari ikae kwa uzito wake wote, angalia pembe ya pinioni ndo uchomelee, kidogo kidogo, na uache ipoe yenyewe bila maji, bomba la ekseli likipata moto mwingi linapinda na utarudi kwenye shida ile ile iliyokufanya ununue. Kazi yote hiyo gari iwe imekaa juu ya stendi imara, jeki peke yake usiiamini, ekseli ni nzito na ikidondoka haichagui mguu. Ukishatembea kilomita mia kadhaa rudi chini na spana ukaze yu-bolti upya, zangu zote nne zilikubali karibu robo mzunguko.