Maswali ya Wasomaji: Dexter wa Kitabuni na Dexter wa Runinga

SWALI: Mhariri, baada ya kutazama msimu wa kwanza wa tamthilia ya Dexter, inayomhusu mchunguzi wa damu wa polisi wa Miami ambaye kwa siri ni muuaji, nilisoma riwaya yake, Darkly Dreaming Dexter ya Jeff Lindsay, nikakuta mwisho ni tofauti kabisa. Kwa nini walibadilisha? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, riwaya hiyo ya mwaka 2004 inamaliza kisa chake, ilhali tamthilia, iliyoanza kurushwa na Showtime ya Marekani Oktoba 2006, ilihitaji kisa cha kuiendesha kwa misimu mingi. Ndiyo maana LaGuerta, afisa wa polisi wa Miami anayeuawa riwayani, anaachwa hai, na Deborah, dada aliyelelewa pamoja na Dexter, anayeijua siri yake mwishoni mwa kitabu cha kwanza, anafichwa siri hiyo hadi mwisho wa msimu wa sita.

Badiliko zito zaidi ni la Brian, muuaji anayesakwa katika kisa hicho. Kitabuni anatoroka, kwenye runinga Dexter anamuua kwa mkono wake, ingawa ni kaka yake wa damu, ili kumlinda Deborah. Kwa maoni yangu, hapo tamthilia imekizidi kitabu, kwa sababu kanuni aliyofundishwa na Harry, baba yake mlezi, ya kuwaua wauaji waliokwepa sheria tu, inamgharimu kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, tazama anavyohifadhi tone la damu la kila aliyemuua kati ya vipande vya kioo, ndani ya kiyoyozi cha nyumbani: mtu anayetafuta haki pekee hana haja ya kumbukumbu za namna hiyo.