Hesabu za SAT: aliyesoma PCM aanzie wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo Masasi, mkoani Mtwara. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), na nataka kuomba vyuo vya Marekani vinavyotaka matokeo ya mtihani wa SAT. Nimeanza kurudia difrensiesheni na intigresheni, ila rafiki yangu anasema napoteza muda. Nisome mada zipi? Na kikokotoo kinaruhusiwa?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amesema kweli. Weka pembeni daftari la intigresheni, kwa sababu SAT haina hata swali moja la mada hiyo wala la difrensiesheni. Sehemu kubwa ya hesabu zake uliisoma kabla ya kidato cha tano. Kinachowaangusha wengi ni muda na namna maswali yanavyoulizwa.

Kwenye hesabu una maswali 44 kwa dakika 70, yaliyogawanywa sehemu mbili za maswali 22, kila moja dakika 35. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, kompyuta inakuletea sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi, na huko ndiko ziliko alama za juu. Alama zinaanzia 200 hadi 800. Kwa hiyo usiikimbize sehemu ya kwanza eti kwa kuwa inaonekana rahisi.

Takribani asilimia 70 ya hesabu hizo ni aljebra: nusu yake milinganyo ya mstari, nusu nyingine kwadratiki, vipeo na fanksheni. Nguvu zako zimalizie hapo. Chukua mfano wa mwenye kirikuu anayebeba magunia ya korosho kwenda ghalani, anayetoza G = 2,000m + 15,000, ambapo m ni idadi ya magunia. Sisi tumezoea kuambiwa "tafuta m". SAT itakuuliza: 15,000 inamaanisha nini? Ni fedha utakayolipa hata kabla gunia la kwanza halijapakiwa. 2,000 ni nyongeza ya kila gunia. Maswali ya aina hii ni mengi, na yote yako kwa Kiingereza, basi zoea kuyasoma polepole hadi mwisho.

Kwenye kwadratiki, b² − 4ac ijue kwa moyo. Tuseme mstari y = 2x + k unagusa mchirizo wa y = x² − 4x + 7 mahali pamoja tu. Vilinganishe upate x² − 6x + 7 − k = 0. Kugusa mara moja maana yake jibu la x ni moja, hivyo b² − 4ac ni sifuri: 36 − 4(7 − k) = 0, na k = −2. Mtu wa PCM atakimbilia difrensiesheni, nayo itamfikisha, ila njia hii ni fupi na dakika zako ni chache.

Asilimia, uwiano, takwimu na uwezekano vinachukua kama asilimia 15. Usividharau. Bei ya korosho ikishuka kwa asilimia 20 kutoka shilingi 3,000, inakuwa 2,400. Ikipanda tena kwa asilimia 20 inafika 2,880, hairudi 3,000. Wapo wanaomudu namba changamano lakini wanakosa hili.

Jiometri na trigonometria ni asilimia 15 iliyobaki. Fomula za maeneo na ujazo unapewa. Ya duara kwenye grafu, (x − a)² + (y − b)² = r², hupewi, wala ile ya kwadratiki. Hizo zikariri.

Kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho, na ndani ya programu ya mtihani, Bluebook, kuna cha Desmos kinachochora grafu. Jifunze kukitumia mapema: unaandika milinganyo miwili, unabonyeza pale michoro inapokatana, jibu unalo. Bluebook ina mitihani ya mazoezi ya bure, lakini haifanyi kazi kwenye simu, kwa hiyo tafuta kompyuta ya kuazima. Kwenye mazoezi utaona kuwa karibu robo ya maswali hayana machaguo. Unaandika jibu mwenyewe. Ukikosa hukatwi alama, basi usiache hata swali moja wazi.