Mbwa anakula udongo? Muangalie ufizi kwanza

Wiki hii wengi mmeniuliza kuhusu mbwa na udongo, nimechukua maswali manne.

Wa miezi mitano, kila asubuhi anachimba nyuma ya choo anakula udongo mwekundu, nimemchapa mpaka nimechoka. (Mama, Igoma)

Mama, fimbo weka chini kwanza. Mshike taratibu, mfunue mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole uachie. Ukipauka halafu ukarudi pinki ndani ya sekunde mbili hivi, sio mbaya. Ukiukuta mweupe tangu mwanzo, huyo mtoto hana damu, na mbwa akipungukiwa damu mara nyingi ndo anakimbilia udongo. Wanaoinywa ni minyoo ya safura tumboni au kupe na viroboto. Wa kwangu alianza hivyohivyo, nikamchapa na mimi, inaniuma mpaka leo, kuja kumfunua masikio nakuta kupe wamevimba kama mbegu za nyonyo, wamepangana. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe kilo apewe dozi yake, usikadirie dawa ya ng'ombe kwa macho, unaweza kumuua. Na wengine mjue, dawa ya minyoo mtoto wa mbwa anaanza akiwa na wiki 2, kila baada ya wiki 2 mpaka wiki 12, halafu kila mwezi hadi miezi 6, baada ya hapo kila miezi 3.

Anakula ugali na mchuzi uliobaki, inatosha? (Nyakato)

Haitoshi, ugali peke yake unamshibisha tu. Mchanganyie dagaa, ila waoshe maji mawili matatu kwanza, wale wa kuanikwa chini unaona mchanga umetuama kwenye sufuria, usije ukamlisha udongo wewe mwenyewe. Chemsha bila chumvi. Maini kidogo mara moja kwa wiki yanasaidia. Na huo mchuzi, kama una kitunguu usimpe kabisa, kitunguu maji na hata swaumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, yaani unamtibu huku unamrudisha kulekule.

Wangu anakula mchanga pale tunapoanika dagaa tu, kwingine hagusi. (Igombe)

Huyo anafuata harufu na shombo iliyoingia mchangani, inawezekana haumwi kitu. Anikeni kwenye chanja, pale chini pafagieni. Ila msimdharau, mchanga ukijaa unaziba utumbo. Akitapika, tumbo likawa gumu, anajikamua choo hakitoki, mpelekeni siku hiyohiyo, msisubiri kesho.

Nikiweka pilipili kwenye shimo lake ataacha? (Buswelu)

Usimuumize bure kaka. Umesema anafungwa mnyororo toka asubuhi mpaka usiku, sasa afanye nini zaidi ya kuchimba? Mtembeze asubuhi kabla jua halijawa kali, mpe mfupa mkubwa mbichi atafune ukiwepo, shimo lijaze mawe, na ukimuona anaanza muite jina kwa sauti ya kawaida, akija mpe kitu. Siku za kwanza utamuita mara ishirini, vumilia. Kinyesi chake zoa kila siku, na watoto wavae ndala hapo uani, maana viluwiluwi vya safura ya mbwa vinapenya kwenye ngozi ya mguu, unaona mtoto ana kimstari chekundu kinatambaa na anajikuna usiku kucha.