Mahindi ya zambarau na "dawa ya udongo"

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nalima mahindi ekari mbili hapa Njombe. Kila msimu napandia mbolea ya DAP na kukuzia urea, mwaka mwingine SA. Zamani nilikuwa napata gunia 20 kwa ekari, sasa hata 10 sifikishi, na mahindi yakiwa machanga majani yanageuka zambarau. Majirani wanasema mbolea za viwandani zimeua udongo, niachane nazo. Kuna kijana anapita na kifaa cha kuchomeka ardhini. Amepima akasema udongo wangu umechoka, na ana dawa ya maji ya kuufufua, lita moja kwa ekari. Ninunue? – *Mama wa Njombe*

Jibu: Marahaba, mama. Usinunue.

Zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni upungufu wa fosforasi, kirutubisho kinachokuza mizizi. Baridi ya huko kwenu nayo huleta rangi hiyo, lakini jua likikaza inapotea yenyewe. Yako ikiwa bado ipo mahindi yakifika magotini, baridi haihusiki. Utaniuliza fosforasi inakosekanaje wakati DAP, ambayo ni mbolea ya fosforasi, unaweka kila mwaka. Ipo humo humo shambani, ila imekamatwa. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una chuma na alumini kwa wingi. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikishuka chini ya 5.5 (ikishuka, uchachu umezidi), alumini inaanza kuyeyuka, inaing'ang'ania fosforasi na kuharibu ncha za mizizi. Ng'oa mche mmoja taratibu, uoshe kwenye ndoo. Ukikuta mizizi mifupi, minene, imebutuka na kuwa ya kahawia kwenye ncha, nitaushuku uchachu kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo majirani wako wamegusa ukweli kidogo. Urea inaongeza uchachu, na SA (salfeti ya amonia) ndiyo zaidi, kwa sababu naitrojeni yake, kile kirutubisho cha kukuzia, inapogeuzwa na vijidudu vya udongoni kuwa naitreti, tindikali inabaki nyuma. Lakini udongo wenu ulikuwa mchachu kabla mfuko wa kwanza wa DAP haujafika Njombe. Mvua za miaka na miaka zilishaosha kalisiamu na magnesiamu zamani. Tena tazama mashamba ya chai ya huko huko kwenu, yanavyostawi kwenye udongo wa aina hiyo hiyo, maana chai inaupenda uchachu. Sasa huo udongo umekufa kwa nani?

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Watu wameamua kuuona udongo kama mgonjwa: umechoka, umezoea mbolea, umekufa. Ukishakuwa mgonjwa utatafutiwa dawa, na mwenye dawa hakosekani. Anayeniambia udongo wake umechoka huwa namuuliza kwanza mabua ya mwaka jana yako wapi. Majibu ni mawili tu: yameliwa na ng'ombe, au yamechomwa moto ili shamba lionekane safi. Halafu tunapiga hesabu. Gunia la mahindi la kilo 100 likitoka shambani linaondoka na karibu kilo moja na nusu ya naitrojeni. Gunia zako 20 zile za zamani zilichukua kilo 30 kila ekari, na mfuko mzima wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Mabua sijayahesabu, wala kile kinachooshwa na mvua. Mtu anatoa hivyo miaka kumi, anarudisha nusu mfuko, kisha anasema mbolea imemharibia shamba! Ukiiacha kabisa kama wanavyokushauri, uchachu hautaondoka, na hizo gunia chache unazopata zitapungua zaidi.

Sasa hiyo lita moja. Ekari moja kwa kina cha sentimita 15 ni udongo wa karibu tani 800. Hakuna kimiminika cha kwenye chupa kitakachogeuza uchachu wa tani 800, kiwe kimetoka wapi. Na kifaa chake kikichomekwa kwenye udongo mkavu kinatoa namba ambayo haina maana yoyote. Kinachopunguza uchachu ni chokaa ya kilimo, na hiyo huhesabiwa kwa mifuko mingi, wakati mwingine kwa tani. Majivu ya jikoni ni mazuri kwenye bustani ya mboga, ila ya kutosha ekari mbili huna, labda upikie kijiji kizima.

Kabla ya chokaa, pima. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, wanapima udongo, na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wanapima pia. Tatizo kubwa ninaloliona ni sampuli. Watu huleta gao la udongo uliochotwa nyuma ya nyumba, ndani ya mfuko uliokuwa na SA, kisha wanashangaa majibu. Tembea shambani kwa kwenda mshazari, chimba sehemu kama 15 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, upeleke nusu kilo. Kwepa kichuguu, palipokuwa na zizi, na palipolundikwa samadi. Kama shamba lina mteremko, usichanganye udongo wa juu na wa bondeni. Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga miaka ya 1930, alionyesha kwamba kwenye vilima vyetu udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni, na wataalamu wa dunia nzima wakalichukua wazo lake. Sampuli iliyochanganya yote inakupa wastani wa shamba ambalo halipo.

Majibu yakithibitisha uchachu, chokaa iingie Septemba au Oktoba, ichanganywe vizuri na udongo kabla ya mvua. Usiirushe pamoja na DAP au urea, maana naitrojeni itapaa hewani kama amonia. Mbolea ya kukuzia badilisha uweke CAN, isiyochachusha udongo kama urea na SA, na mabua yabaki shambani.

Kwa wasomaji wengine, kwa sababu kila gulio siku hizi lina chupa yake: mbolea yoyote inayouzwa Tanzania lazima iwe imesajiliwa na TFRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mbolea, na lebo yake ioneshe kilichomo kwa asilimia. Chupa iliyoandikwa tu kwamba inafufua ardhi, yenye picha ya hindi nono, haijakwambia kitu. Na sasa naona hata chokaa imeanza kuuzwa kwa mtindo huo huo, kila shamba mifuko idadi moja, kipimo hakuna. Wengine wamenunua ile ya kupaka ukuta, ambayo ni kali na inachoma ngozi. Ukizidisha chokaa, zinki ndiyo inayofungwa safari hii, mahindi yanatoka na mistari myeupe. Na ukipanda viazi hapo msimu unaofuata, vitatoka na ukurutu kwenye ganda, na mnunuzi wa Dar atakukatia bei akiwa bado hajashuka kwenye gari.